Uzao wa Kwanza wa Sungura: Kuanzia Kupandisha Hadi Kuamua Nani Abaki

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Jike anamkimbia dume, nifanye nini? Nimekuta watoto nje ya kiota, wamekufa. Mama hanyonyeshi kabisa. Nyingi ya shida hizi huanzia wiki kadhaa kabla watoto hawajazaliwa, na huko ndiko zinakozuilika. Lipo swali moja ambalo wengi hawaliulizi mpaka banda limejaa: hawa wote wataenda wapi? Mwongozo huu unaanza na hilo, kwa sababu likikosa jibu, yanayofuata hayana maana.

Kabla ya yote: kila atakayezaliwa ana nafasi gani?

Jike wa ukubwa wa kati huzaa mara nyingi watoto 6 hadi 8, na wapo wanaozaa 12. Chukua daftari uandike: wangapi utawabakiza kwa kuzalisha, wangapi wana mtu anayewasubiri, wangapi ni wa kitoweo, na atakayezaliwa na kasoro au akaugua utamfanyia nini. Hilo la mwisho liandike kwa sentensi kamili. Ukiandika mapema utaamua kwa akili iliyotulia. Ukisubiri, utaamua ukiwa umeshika mkononi mtoto anayekufa, na mara nyingi hutaamua lolote, naye atateseka siku tatu.

Kuchuja kuna sura mbili, na wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza ni kumtoa sungura kwenye uzalishaji: anahasiwa, anauzwa kama wa kufugwa tu, au anakwenda jikoni. Ya pili ni kumuua mapema ili asiteseke. Wengi wa watakaochujwa ni wa sura ya kwanza. Lakini ya pili itakufikia pia ukizalisha muda wa kutosha, hivyo mtafute sasa hivi daktari wa mifugo au mfugaji mzoefu atakayekusaidia siku hiyo. Kama huwezi kufanya mwenyewe na hujapata wa kukufanyia, usipandishe bado. Sungura akikaa bila kuzaa hapungukiwi na kitu.

Vinavyohitajika

- Jike na dume wenye afya. Majike wa aina ndogo hupandishwa kuanzia miezi 4 hadi 5, wa kati miezi 5 hadi 6, na wale wakubwa sana wasubiri miezi 8 au 9. Dume mpe mwezi mmoja zaidi. Wasiwe kaka na dada.
- Kizimba cha kila mmoja peke yake. Dume na jike hawakai pamoja.
- Sanduku la kuzalia la ukubwa wa kumtosha jike kugeuka, si zaidi. Kwa aina ya kati, urefu wa sentimita 45, upana 30 na kimo 30 vinatosha. Mlango uanzie kama sentimita 15 kutoka sakafuni ili watoto wasimwagike nje. Toboa matundu madogo chini, mkojo upate pa kutokea.
- Nyasi kavu laini, nyingi kuliko unavyodhani, na maranda ya mbao yasiyo na vumbi.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, kalenda na daftari.
- Maji safi saa zote. Jike mwenye kiu usiku wa kuzaa ni hatari kwa watoto wake.

Nyongeza ambayo mimi naiona ya lazima: kama una majike wawili, wapandishe siku moja. Mmoja akizaa 11 na mwenzake 4, unasawazisha. Mmoja akifa au akikataa kunyonyesha, watoto wana mama mwingine. Hakuna dawa wala chupa itakayokusaidia kama hilo.

Hatua kwa hatua

1. Kagua wazazi. Mfunue mdomo: meno ya juu yanatakiwa yatangulie kidogo mbele ya ya chini. Tazama pua, kisha geuza miguu ya mbele uangalie upande wa ndani. Sungura mwenye mafua sugu hujifuta pua kwa mikono, kwa hiyo manyoya ya hapo hugandamana na kuwa magumu hata kama pua yenyewe umeikuta safi asubuhi hiyo. Angalia masikio kama yana magamba ya utitiri, nyayo kama zina vidonda, na sehemu za uzazi kama zina malengelenge au magaga. Dume awe na korodani zote mbili zimeshuka. Pia papasa mgongo na mbavu: jike mnene mno hashiki mimba kwa urahisi, na akishika anaweza kuugua vibaya wiki ya mwisho. Mpunguze kwanza.

2. Mpeleke jike kwa dume. Kamwe usimpeleke dume kwenye kizimba cha jike. Jike hulinda kwake, na anaweza kumjeruhi dume vibaya. Kabla ya kumpeleka, tazama uke wake. Ukiwa mwekundu uliokolea au unaelekea zambarau na umevimba kidogo, yuko tayari. Ukiwa mweupe na mkavu, mrudishe, jaribu baada ya siku mbili au tatu. Sungura hana siku maalumu za joto kama ng'ombe, mayai yake hushuka baada ya kupandwa, takriban saa 10 baadaye.

3. Simama hapo hapo. Jike anayekubali hunyoosha mwili na kuinua mkia. Dume akimaliza huanguka ubavuni au nyuma, mara nyingine akitoa mlio. Usipoona kuanguka huko, usihesabu kwamba amepanda. Kama baada ya dakika chache jike anakimbia tu, ananguruma au anajibana kwenye kona, watenganishe. Usimshike kwa nguvu. Kuwaacha pamoja usiku kucha ni kosa linalorudiwa sana: hujui tarehe, na huenda mmoja akajeruhiwa.

4. Andika tarehe. Wafugaji wengi humrudisha jike kwa dume mara ya pili saa chache baadaye, siku ile ile, ili kuongeza uhakika. Usimrudishe baada ya siku kadhaa. Mimba huchukua siku 28 hadi 32, na wengi huzaa siku ya 31.

5. Papasa tumbo kati ya siku ya 10 na ya 14. Jike akiwa ametulia juu ya meza isiyoteleza, pitisha kidole gumba na vidole vingine taratibu chini ya tumbo mbele ya nyonga. Mimba husikika kama zabibu zinazoponyoka vidoleni. Kinyesi pia ni duara, lakini kidogo na kigumu zaidi. Ukishindwa kutofautisha, acha. Kubinya kunaua, na kalenda itakuambia ukweli bila madhara.

Jike anayeanza kunyonyoka manyoya na kukusanya nyasi siku ya 17 au 18 huenda ana mimba ya uongo. Itaisha yenyewe, na anaweza kupandishwa tena.

6. Weka sanduku siku ya 28. Tandika maranda chini, jaza nyasi kavu, kisha bonyeza kwa ngumi kutengeneza shimo upande wa nyuma. Ukiliweka mapema mno atalifanya choo, ukichelewa atazaa kwenye waya. Liweke mbali na kona anayokojolea. Tangu hapa punguza kelele, mbwa wasisogee banda, wageni wasiletwe kuangalia.

Siku au saa chache kabla ya kuzaa utamwona amejaza nyasi mdomoni hadi zinatokeza pande zote mbili kama masharubu, akienda na kurudi. Kisha atajinyonyoa manyoya ya kifuani na tumboni. Jike anayezaa mara ya kwanza wakati mwingine hajinyonyoi ya kutosha. Mwondolee wewe machache ya kifuani, siku hizi yanatoka kirahisi, uyaongeze kwenye kiota.

7. Muache azae. Kwa kawaida ni usiku au alfajiri, na kazi yote huisha ndani ya nusu saa. Hahitaji msaada wako. Mpe maji na chakula kidogo, uondoke.

8. Kagua kiota siku hiyo hiyo. Hofu kwamba mama atawakataa watoto wakiguswa si ya kweli kwa sungura aliyekuzoea. Nawa mikono, msugue mama kidogo mgongoni ili mikono ichukue harufu yake, mpe kitu cha kutafuna, kisha toa watoto mmoja mmoja. Ondoa waliokufa, kondo la nyuma na nyasi zilizolowa. Hesabu, pima, andika. Kwa aina za kati, mtoto huzaliwa na gramu 40 hadi 60.

Mtoto aliyepoa si lazima awe amekufa. Mweke kifuani kwako ndani ya nguo, au kwenye kitambaa juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu, ukimgeuza mara kwa mara. Wengi walioonekana kama mzoga hurudi kuchezacheza. Akiwa na joto kamili na bado hapumui, hapo ndipo amekufa.

9. Wiki mbili za kwanza, tazama matumbo. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika 3 hadi 5 tu, kisha anaondoka. Kwa hiyo kutomwona kiotani si dalili ya kutelekeza. Angalia watoto asubuhi: aliyeshiba ana tumbo la duara, na siku za mwanzo maziwa yanaonekana meupe kupitia ngozi. Mwenye njaa ana ngozi iliyokunjamana na tumbo lililoingia ndani. Mama ana chuchu 8 hivi, kwa hiyo uzao wa 10 au 12 una watakaokosa. Hamishia waliozidi kwa jike mwingine ambaye uzao wake haujapishana na huu kwa zaidi ya siku tatu, ukiwasugua kwa manyoya ya kiota kipya.

Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12. Yasipofunguka ifikapo siku ya 13, yafute kwa pamba na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Usaha ukitoka, mwite daktari.

Na tahadhari kubwa: jike anaweza kushika mimba tena siku ile ile aliyozaa. Dume asimkaribie.

10. Wiki ya 3. Watoto huanza kutoka na kuonja chakula cha mama. Ondoa sanduku kati ya siku ya 18 na 21 kama hakuna baridi, kwa sababu kiota kilicholowa hualika magonjwa. Mama sasa ale anavyotaka, anaendesha kazi kubwa. Mboga mbichi nyingi kwa ghafla huwaharisha watoto. Nyasi kavu na pelleti (chakula cha vidonge) zile zile walizozizoea ndio msingi.

11. Achisha kunyonya wiki ya 6. Wapo wanaoachisha wiki ya 4, lakini kwa uzao wa kwanza sioni sababu ya kuharakisha. Mtoe mama, watoto wabaki kwenye kizimba wanachokijua. Usibadilishe chakula wiki hiyo. Ifikapo wiki ya 10 hadi 12, tenganisha madume na majike: ukibonyeza taratibu, dume huonyesha mrija wenye tundu la duara na jike mpasuko.

Kuamua nani abaki

Usichuje kila unapopita bandani. Weka nyakati tatu: siku ya kwanza, wiki ya 8, na mwezi wa 4. Aliye na maumivu haingoji ratiba hiyo.

Siku ya kwanza, wanaostahili kuuawa ni wachache: wasio na sehemu ya mwili ya lazima, waliozaliwa matumbo yakiwa nje, walioumizwa vibaya na mama. Kwenye aina kibete kuna na wale waliopata kinasaba cha ukibete kutoka kwa wazazi wote wawili: wadogo kama nusu ya wenzao, kichwa kikubwa, masikio madogo sana, nyuma kumesinyaa. Wazazi wote wakiwa na kinasaba hicho, tarajia robo ya watoto wawe hivi kwa wastani. Hawaishi. Wengi hufa ndani ya siku chache kwa njaa, na kuwasubirisha si huruma.

Mtoto mdogo lakini aliyeumbika sawasawa ni jambo jingine kabisa. Mpe nafasi. Mweke yeye na wadogo wenzake peke yao chini ya mama kwa dakika chache kabla ya kuwarudisha wakubwa. Wengi hufikia wenzao. Anayechujwa kwa udogo siku ya kwanza mara nyingi amechujwa bure.

Wiki ya 8 unatazama umbo na afya. Mgawanyo wangu ni huu:

Meno yasiyokutana: hazalishi, bila mjadala, isipokuwa una uhakika aliyavunja kwenye waya. Anaweza kuishi kama wa kufugwa ikiwa mwenyewe atakubali kumpeleka kwa daktari kukatwa meno mara kwa mara, maisha yake yote. Asipopatikana mtu huyo, muue au mchinje mapema, maana vinginevyo atakufa njaa mbele ya chakula.

Miguu iliyotanuka: kabla hujalaumu damu, pitisha mkono chini ya sanduku. Mbao laini au gazeti huteleza na kutanua miguu ya watoto wazima kabisa. Akionekana mapema na akawekwa kwenye sakafu yenye kushikika, anaweza kupona. Asiyeweza kujikokota hadi kwenye maji aondolewe.

Mafua yenye kamasi nyeupe: mtenge siku hiyo hiyo. Dawa inaweza kukausha pua, lakini sungura mara nyingi hubaki amebeba wadudu na kuambukiza wengine. Hapaswi kuzalisha, na kwenye banda lenye wengi mimi nashauri aondolewe kabisa.

Ukali: kumng'ata mtu kwa kuogopa mara moja si tabia. Anayeshambulia kila mkono unaoingia, huku ndugu zake wametulia, asizalishe.

Mwezi wa 4 unamalizia: madume ambao korodani hazijashuka zote, na wale waliokua polepole kuliko ndugu zao wote bila kuugua. Hapa daftari ndilo linaloamua. Sungura mzuri wa rangi huvutia jicho, na jicho husahau kwamba ndiye aliyekuwa mwepesi kila wiki.

Kasoro ya kurithi ikijitokeza, usiwatoe watoto pekee. Mara nyingi wazazi wote wawili wanaibeba, kwa hiyo usirudie jozi ile. Ikitokea tena kwa mzazi mmoja akiwa na mwenza mwingine, huyo amalize kazi.

Na jike aliyepoteza watoto wake wote? Uzao wa kwanza msamehe. Wa pili chunguza sanduku, maji, joto na kelele. Wa tatu, kama mazingira yalikuwa sawa, mtoe kwenye uzalishaji. Ila kama watoto walikufa kwa kuwa sanduku lilichelewa, kosa hilo si lake na usimhesabie.

Namna ya kuua bila mateso

Sindano ya daktari wa mifugo ndiyo njia salama kwa asiye na ujuzi. Nyama ya aliyechomwa dawa hiyo isiliwe na mtu wala mnyama, izikwe kwa kina. Njia nyingine zinazokubalika ni kutengua shingo kwa tendo moja la haraka, au kifaa chenye kijiti cha chuma kinachopiga kichwani kilichoundwa kwa ajili ya sungura. Zote mbili ujifunze ukisimamiwa na anayezijua, kwanza kwa sungura aliyekwisha kufa. Sungura mkubwa asijaribiwe kwa mikono na mgeni wa kazi hii.

Usizamishe majini, usiweke kwenye friza, usimwache kwenye baridi, usimtupie mbwa. Hata kichanga asiye na manyoya anasikia maumivu. Baada ya tendo, hakikisha: hapumui, moyo haupigi, na jicho halipepesi ukiligusa. Ikiwa unamchinja kwa nyama na aliwahi kupewa dawa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa ziheshimiwe.

Kumwachia porini si kumpa uhuru. Sungura wa kufugwa hajui kujificha wala kujitafutia. Na usimuuzie mtu mgonjwa huku ukijua.

Matatizo na pa kuanzia

*Jike anakataa kila mara.* Angalia unene wake, kisha muda wa mwanga kwa siku, kisha afya. Kumweka kwenye kizimba cha dume wakati dume yuko kwingine, usiku mmoja, husaidia wengine.

*Amepandwa vizuri, hakuna mimba.* Fikiria joto. Banda likipita nyuzi joto 30 kwa siku kadhaa, dume anaweza kukosa uwezo kwa wiki nyingi. Mpe miezi miwili kwenye kivuli na hewa kabla ya kumhukumu.

*Siku ya 33 imepita.* Kama hana mimba ya uongo na tumbo ni kubwa, au anajisukuma bila mtoto kutoka, au anatoka damu, piga simu kwa daktari bila kungoja kesho.

*Amekula watoto.* Kiu, hofu, au alikuwa akisafisha aliyekufa tayari. Rekebisha maji na utulivu, mjaribu tena.

*Watoto wametapakaa nje ya sanduku.* Mtoto aliyeng'ang'ania chuchu hukokotwa nje mama akiruka. Inua kizingiti cha mlango wa sanduku, kagua mara mbili kwa siku.

*Chuchu ngumu, za moto, zimebadilika rangi.* Ni uvimbe wa matiti. Daktari leo. Usihamishie watoto wake kwa jike mwingine, watamwambukiza.

*Watoto wanahara baada ya kuachishwa.* Ondoa mboga, acha nyasi kavu na maji, safisha sakafu ikauke, na upeleke kinyesi kikapimwe. Koksidia, vijidudu vya utumbo, huua haraka umri huu.

*Mama amekufa na hakuna jike mwingine.* Kulea kwa mkono hushindikana mara nyingi, hasa kwa walio chini ya wiki moja. Ukijaribu, tumia maziwa ya mbuzi au ya unga ya paka wachanga, yakiwa ya uvuguvugu, tone kwa tone bila kulazimisha, kisha pangusa sehemu ya chini kwa pamba yenye unyevu mpaka wakojoe. Wapime kila asubuhi. Anayepungua siku mbili mfululizo ilhali analishwa, usimsubirishe ya tatu.